Wamezoea au Wamebadilika?

Katika mwaka wa mwisho wa masomo yangu ya baiolojia nilipewa kazi iliyoonekana nyepesi: kuwatoa bakteria kwenye udongo mkavu na kuona kama wangeweza kuishi katika chumvi nyingi kuliko ile ya makao yao. Nilikoroga udongo kidogo katika maji safi, nikayapasha moto hadi nyuzi 80 kwa dakika 10. Joto hilo huua seli zinazokua, lakini spora haliziwezi, zile punje ngumu ambazo bakteria wa jenasi ya Bacillus hujifungia ndani yake njaa inapozidi. Kesho yake sahani ya agari, ile jeli ya kukuzia bakteria, ilikuwa na madoa meupe, makavu, yenye kingo zilizokunjamana kama kitambaa kisichopigwa pasi. Nilichagua doa moja, nikalikuza, na sehemu ya uzao wake nikaihifadhi ikiwa spora katika maji baridi.

Uzao uliobaki niliugawa katika mirija sita ya mchuzi wa lishe, na kwa wiki kadhaa nikaongeza chumvi hatua kwa hatua hadi asilimia 10. Kila nilipopandisha kiwango, mchuzi ulibaki mwangavu kwa siku mbili au tatu, kisha ukaanza kutia ukungu. Asubuhi mrija wa sita ulipotia ukungu, niliandika daftarini kwa wino mwekundu, mbele ya namba ya kila mrija: "Wamebadilika."

Mwalimu wangu alisoma neno hilo, akanitazama, akauliza, "Wamebadilika, au wamezoea?"

"Sijui, Mwalimu," nilijibu, na kweli sikujua.

Swali lake ndilo lililonifundisha somo zima. Chumvi inapozidi, maji huikimbia seli, nayo huanza kwa kuvuta potasiamu ndani, kisha hutengeneza prolini au kuokota glisini betaini iliyo karibu, molekuli ndogo zinazojazwa ndani ya seli ili maji yasiendelee kutoka. Bacillus subtilis, spishi mojawapo ya jenasi hiyo ya Bacillus, ana protini iitwayo SigB, ambayo wakati wa dhiki huwasha jeni zaidi ya 150 kwa pamoja. Hata hivyo jeni hizo zilikuwamo tangu awali. Dhiki ikipita huzimwa, na DNA inabaki vilevile. Huko ni kuzoea. Kubadilika ni kosa dogo la kunakili DNA, linalotokea bila kujali kama seli inalihitaji, jambo ambalo wanasayansi Luria na Delbrück walilionyesha mwaka 1943. Chumvi haiumbi kosa hilo. Humwacha tu mwenye nalo azaliane huku wengine wakidorora. Ndiyo maana hadi leo hunikera kusoma kwamba bakteria "huamua" kujibadilisha. Udongoni, bila shaka, kuna njia nyingine, kwa kuwa Bacillus subtilis huweza kumeza vipande vya DNA vya majirani waliokufa na kuviunga na DNA yake. Lakini mirija yangu ilikuwa na ukoo mmoja tu, hapakuwa na jirani wa kumrithi.

Tulikubaliana kuwapumzisha. Kwa siku nane nilihamisha tone la kila mrija katika mchuzi usio na chumvi ya ziada, vizazi vingi vya raha, muda wa kutosha kusahau mazoea yoyote. Kisha nikaziamsha zile spora za mwanzo, nikawaweka wote saba, mababu pamoja na wajukuu, katika asilimia 10 kwa saa ileile.

Usiku ule sikulala vizuri. Alfajiri niliinua mirija mmoja mmoja mbele ya taa. Ule wa mababu ulikuwa mwangavu kabisa, na minne ya wajukuu vilevile. Miwili, wa pili na wa tano, ilikuwa na ukungu mzito kiasi cha kuficha mistari ya karatasi niliyoishika nyuma yake. Nilirudia jaribio mara mbili zaidi, na mirija ikawa ileile.

Nilichukua daftari, nikakata neno langu jekundu mbele ya namba za ile mirija minne, nikaandika juu yake "wamezoea." Mbele ya namba 2 na namba 5 nililiacha kama lilivyokuwa, nikampelekea Mwalimu.