Bei Tuliyoitaja Kwenye Gari

Mpwa wangu aliyeko Marekani anatafuta nyumba. Jana kanitumia picha ya karatasi na swali moja: "Mjomba, nisaini?" Tangu Agosti 2024, madalali wengi wa wanunuzi huko hawakupeleki kuona nyumba kabla hujatia saini makubaliano yanayoeleza watakufanyia kazi gani na malipo yao ni kiasi gani. Yeye kaona ni kufungishwa ndoa kabla ya posa. Mimi nikamkumbuka dalali aliyetutafutia nyumba mimi na mke wangu, mwenye miwani iliyoungwa kwa gundi, ambaye hatukuwahi kuandikiana naye hata mstari.

Alituzungusha kwa miezi. Mafuta yake, simu zake, Jumamosi zake. Dalali hulipwa nyumba ikiuzwa, kwa hiyo kila mlango tuliotoka tukikunja pua, hasara ilikuwa ya kwake. Humo garini tulimwambia yote: mkopo umefikia wapi, watoto watalala vipi, na bei ambayo hatuivuki hata iweje.

Kisha ikaja ile nyumba. Tukiwa sebuleni simu yake ikalia, akaomba radhi, akatoka. Dirishani nilimwona akiongea huku akikwangua tope la viatu kwenye ukingo wa ngazi, mguu mmoja kisha wa pili, bila haraka. Ndani alikuwa ametembea na soksi ili asichafue zulia la watu. Mzee mwenye nyumba akajisogeza mbele ya kiti.

"Mwanangu, kesho rudini wawili tu. Kamisheni yake natoa mimi. Nikiiondoa, nawaachia kwa..."

Akataja kiasi. Kilekile chetu, hadi tarakimu ya mwisho.

Mke wangu akanitazama. Kiasi kile kilikuwa kimetamkwa mahali pamoja tu, ndani ya gari la yule aliyekuwa nje akisafisha viatu. Mtu anatuomba tumzunguke mwenzake, na katika sentensi hiyohiyo anatuonyesha kwamba mwenzake keshatuzunguka sisi. Nilikaa nikiangalia zulia. Nje, kiatu cha pili kilikuwa bado kinakwanguliwa.

"Baba," mke wangu akasema, kwa ile sauti yake ya kuwaambia wageni chakula bado, "tumekuja watatu. Tukirudi, tutarudi watatu."

Mzee akacheka kama aliyekuwa anatania. Dalali akaingia, soksi tena, "Samahani sana jamani."

Njiani mke wangu hakuzunguka. "Kaka, mzee alijuaje mwisho wetu?"

Hakukana. "Dada, anayenilipa ni yeye. Ningemwambia sijui uwezo wenu, geti lisingefunguliwa." Akabadili gia. "Halafu, mwisho wa mnunuzi huwa si mwisho."

Mimi nilicheka. Peke yangu.

Sheria za nchi kadhaa humtaka dalali aseme mapema yuko upande wa nani, maana anayekuendesha mchana kutwa na kukuulizia watoto anaweza kuwa anamtumikia muuzaji, na hana kosa, mradi umeambiwa. Sisi hatukuambiwa, wala hatukuuliza. Mpwa nimemjibu atafute kwanza mstari unaosema dalali anamtumikia nani, mengine baadaye.

Nyumba tuliinunua, kupitia yeye, chini kidogo ya ile bei. Siku ya kukabidhiana mzee alimpa kamisheni yake yote, akamshika mkono na kumwita "mwanangu mwaminifu", mbele yetu, bila kupepesa.

Dalali hajawahi kujua mzee alitunong'oneza nini. Mke wangu anasema kunyamaza kwetu kulikuwa adabu. Mimi nashuku tulikuwa tunamlipizia: alitoa siri yetu, tukamnyima ya kwake.