Siku boti ilipogeuzia Chumbe

Juni 2013, siku moja baada ya mwezi kujaa, nilimpeleka Bibi Dar es Salaam kwa daktari wa macho. Alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na miadi ile tuliisubiri miezi minne. Tulikata tiketi za boti ya saa moja asubuhi, tukafika bandarini Malindi, Unguja, bado giza.

Ilikuwa ni kusi, majira ya upepo wa kusini. Miezi hiyo angalizo la Mamlaka ya Hali ya Hewa tunalijua kwa moyo: upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa, mawimbi yanayofikia mita mbili. Boti husafiri, na sisi husafiri nazo, maana hospitali na mizigo havingojei kaskazi.

Mpaka tunakaribia kisiwa cha Chumbe watu walikuwa wakinywa chai. Ndivyo safari ya kwenda Dar inavyodanganya wakati wa kusi. Unguja yenyewe inaukinga upepo, maji yanalala, na asiyejua anasema leo bahari shwari. Mnara wa taa wa Chumbe ukishabaki nyuma, kinga imekwisha.

Wimbi la kwanza lilipiga chini ya boti, kishindo chake kikaingia miguuni. La pili likamwaga chai ya kila aliyekuwa bado na kikombe. Vijana wa boti wakaanza kugawa mifuko ya kutapikia, wakitembea huku wameshikilia viti. Bibi hakutapika. Alinishika mkono juu kidogo ya kifundo, akawa anasoma Ya Latifu kwa sauti ndogo, na kila boti ilipoinuka vidole vyake vilikaza.

Mbele yetu alikaa mzee wa Kizimkazi, aliyekuwa nahodha wa mashua ujana wake. Nilimuuliza mbona upepo wenyewe hauonekani mkali kiasi hicho.

"Si upepo peke yake, mwanangu," alisema. "Jana mwezi ulijaa, maji ni ya bamvua. Saa hizi yanatoka, na huku kusini yanaelekea kule tuendako. Upepo nao unatoka kulekule, unakuja kwetu. Vimekabiliana. Wimbi linakosa pa kulala, linasimama."

Nikatazama dirishani, nikaona alichokisema. Mawimbi hayakuwa marefu kama nilivyoyawazia, ila yalikuwa yamesimama wima, yamebanana, moja halijaondoka jingine limefika. Boti ilipanda, na kabla haijashuka vizuri ikapigwa tena.

Kilichotunyamazisha wote ni pale tulipokuwa. Mwaka ulikuwa haujatimia tangu meli ya abiria MV Skagit ipinduke karibu na Chumbe, tarehe 18 Julai 2012, katika kusi hilihili. Mtaani kwetu tulikaa matanga. Hakuna aliyelitaja jina lake mle ndani, lakini nyuso zote zilikuwa zimeelekea madirisha ya upande wa kisiwa.

Injini zikapungua sauti. Mzee akainua kidole. "Anataka kugeuza. Sasa ndipo penyewe, maana akilipa wimbi ubavu ni hatari. Atangoja makubwa yapite." Akawa anahesabu kwa kuinamisha kichwa. Moja. La pili likatuinua mpaka nikaona mbingu tupu. La tatu. Kisha pakawa na utulivu mfupi, wa pumzi chache tu, na mzee akasema, "Haya, baba, sasa." Boti ikalala upande, mtoto mmoja akalia, mabegi yakateleza njiani. Ikanyooka. Mnara wa Chumbe ukawa mbele yetu.

Kelele zilianza tulipoingia maji matulivu. Huyu ana kesi mahakamani, yule ana samaki kwenye barafu. Na mimi nilisimama nikapaza sauti kuhusu miadi yetu, tena kwa maneno makali. Bibi akanivuta kanzu. "Kaa. Mwenzio kabeba roho za watu."

Miadi ilipotea kweli. Tulipewa mingine baada ya Idd, na miezi hiyo Bibi aliendelea kupapasa ukuta kwenda msalani. Iliniuma, na bado naamini nahodha yule alifanya kazi yake sawasawa.

Gatini Bibi alikataa kuondoka. Tulisimama pale mpaka abiria wote wakaisha, na nahodha akashuka mwisho, mtu wa makamo, shati limemganda mgongoni kwa jasho.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ahsante kwa kuturudisha."

Alimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Saa sita na nusu maji yatakuwa yanajaa, Bibi," alisema. "Yatakwenda pamoja na upepo. Tutautazama na upepo wenyewe. Ukizidi, basi kesho."