Nilivyojifunza kuisubiri dawa ya baridi yabisi

Nilipothibitishwa kuwa na baridi yabisi, hofu ilinitesa kuliko hata vidole vilivyovimba. Kila usiku nililala nikiamini kwamba nitaamka nikiwa na hali mbaya zaidi, na kila maumivu madogo niliyahesabu kuwa mwanzo wa ulemavu.

Daktari alinianzishia methotreksati, dawa inayomezwa mara moja tu kwa wiki, pamoja na asidi ya foliki ya kupunguza madhara yake. Namshukuru hasa kwa maelezo aliyonipa: kwamba dawa hiyo hutuliza kinga ya mwili inayoshambulia viungo, kwa hiyo haiondoi maumivu papo hapo, na kwamba nafuu huanza kuonekana baada ya wiki 6 hadi 12. Bila kuambiwa hivyo ningeiacha mwezi wa kwanza, nikidhani imeshindwa.

Hata hivyo, kwenye benchi la kliniki mgonjwa mwenzangu aliniambia, "Dada, hiyo ni sumu, itakunyonyoa nywele." Tangu siku hiyo kichefuchefu kilinianza nikiwa bado naitoa tembe kwenye pakiti. Muuguzi hakunicheka; alinieleza kwamba madhara yapo na hutibika, lakini mwili unaoyangoja kwa hofu huyahisi mapema na kwa ukali zaidi. Kwa ushauri wake nikawa naimeza usiku baada ya chakula, na kichefuchefu kikapungua.

Jambo hili, kwamba matarajio ya mtu hubadilisha kile mwili wake unachohisi, lina ushahidi. Mwaka 2002 daktari Bruce Moseley na wenzake wa Houston, Marekani, walichapisha utafiti wa wagonjwa 180 waliosagika magoti: baadhi walisafishwa goti kwa upasuaji, wengine walichanjwa ngozi tu bila kujua, na waliofanyiwa upasuaji halisi hawakupata nafuu kuwazidi wenzao. Nasisitiza kwamba maumivu yao hayakuwa ya kubuni, kama yangu yasivyo ya kubuni, na kwamba matumaini hayachukui nafasi ya dawa, kwa sababu baridi yabisi isiyotibiwa hula viungo.

Kwa upande wangu, nilianza kuandika kila asubuhi muda unaopita tangu niamke hadi niweze kufungua kifuniko cha chupa ya chai. Muda huo ulipungua polepole mno, na bila daftari nisingeutambua. Binti yangu alizoea kusema, "Mama, pumzika, tutafanya sisi," nami nikamwomba aniachie kukunja nguo na kuchambua mchele, maana vidole visivyotumika hukakamaa, na mtu anayefanyiwa kila kitu huanza kujiona hawezi.

Kila ninapokwenda kupimwa damu na ini, nikibadilishiwa dozi humwuliza daktari: nitegemee mabadiliko lini, na nitayatambua kwa dalili gani?