Bahi Kukavu, Tukaishia Singidani

Tulitoka Dodoma saa 11 alfajiri, watu sita ndani ya Noah ya kukodi, darubini tatu na chupa mbili za chai ya tangawizi. Mpango ulikuwa bwawa la Bahi tu, kilometa 60 hivi, tuangalie ndege wa majini na mchana tuwe tumerudi.

Tulisahau kwamba ni Oktoba. Kule Ulaya majani yanapukutika na ndege wanahamia kwetu, sawa, lakini Dodoma huo ndio mwisho wa kiangazi. Mto Bubu huishia Bahi na hautoki tena. Usipoleta maji, hakuna bwawa. Tulikuta udongo uliopasuka vipande vya ukubwa wa sinia, ng'ombe, na yangeyange wanne wakiwafuata kwato kwa kwato.

Mzee aliyekuwa akichunga akatuuliza tumepoteza nini.

"Tunatafuta ndege, mzee."

Akacheka. "Ndege wanakuja na maji, wajukuu zangu. Rudini Februari."

Kurudi mikono mitupu hakuna aliyetaka. Tukamwongezea dereva hela ya mafuta, tukapita Kintinku, tukapanda mlima wa Saranda, Manyoni, pancha moja, na saa 7 tukawa Singida.

Ziwa Singidani liko ubavuni mwa mji kabisa, mawe makubwa yamesimama kandokando yake. Maji yana chumvi, na heroe (flamingo) walikuwepo, mstari wa waridi uliokuwa ukipiga kelele kama mabata. Waliinamisha vichwa mpaka midomo ikawa juu chini, wakichuja vijidudu na mwani, chakula kinachowapa hiyo rangi. Wenzangu wakaanza kubishana nani heroe mdogo na nani mkubwa. Jibu liko mdomoni: wa mdogo ni mwekundu wa kuiva, karibu mweusi, wa mkubwa ni wa waridi, ncha tu nyeusi.

Mimi nilikwama kwa chamchanga mdogo, kindege cha ukingoni mwa maji, hatua kumi kutoka nilipochuchumaa. Anadonoa, anakimbia, anadonoa tena, kama mtu anayedaiwa. Mgongoni alibakiza manyoya machache ya rangi ya kutu, nguo za huko kaskazini mwa Urusi alikotagia. Uzito wake ni kama gramu 25. Sisi tulilalamika kilometa 240 za lami.

"Shikamoo." Kijana wa miaka kumi hivi, fimbo mkononi.

"Marahaba."

"Mnawahesabu ili muwale?"

"Hapana, tunawaangalia tu."

Akanitazama kwa huruma. Nikamvisha darubini, nikamwelekeza kwa heroe. Akageukia upande wa pili kabisa, akanyamaza kidogo, kisha akapiga yowe: "Mbuzi wangu yuko kwenye mchicha wa watu!"

Akatimua mbio, darubini yangu shingoni.