Nilivyomtafsiria mama maneno ya kaburi la Thaddeus Stevens

Makaburi ya Shreiner yako kando ya Chestnut Street, hapa Lancaster, Pennsylvania, na mama hupita hapo akienda kanisani. Jumapili moja akasimama mbele ya kaburi lenye maandishi mengi. "Mwanangu, hapa wameandika nini?"

Kazi yangu ni ukalimani, nikadhani hilo ni la dakika mbili. "Ninapumzika katika sehemu hii tulivu na iliyotengwa, si kutokana na upendeleo wa asili wa upweke..."

Mama akaguna. "Hicho Kiswahili cha nani?"

Nikapiga picha, nikaenda nayo nyumbani. Jioni mbili nzima nilihangaika. Msamiati haukuwa tatizo. Nilikwama pale marehemu anapotaja misimamo aliyoitetea maisha yake yote. Misimamo ipi? Humjui mtu, utamsemeaje? Ikabidi nimsome.

Stevens alizaliwa Vermont mwaka 1792, mguu mmoja umepinda. Mwaka 1816 alianza uwakili Gettysburg. Mwaka 1835, akiwa mbunge wa jimbo, wenzake walitaka kuifuta sheria ya shule za bure. Akasimama akaitetea, ikabaki. Akahamia Lancaster 1842, akaingia Bunge la Marekani 1849. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe aliongoza kamati ya fedha, na askari wa Kusini, upande uliotetea utumwa, wakamchomea kiwanda chake cha chuma mwaka 1863. Kisha akapigania Marekebisho ya 14 ya Katiba, ambayo ndiyo yaliyomfanya mdogo wangu wa mwisho, aliyezaliwa hapa, awe raia kabla yetu sote. Majimbo yaliyaridhia Julai 1868. Agosti Stevens akafariki.

Baada ya hapo maneno yalikuja yenyewe. Nilimsomea mama jikoni, akichambua sombe:

"Nimelala hapa mahali patulivu, pa kando, si kwamba napenda upweke. Makaburi mengine yamewekewa masharti ya rangi, nami nikachagua haya, ili hata kufa kwangu kuoneshe nililolitetea maisha yangu marefu: usawa wa binadamu mbele ya Muumba wake."

"Eeh, sasa huyo anaongea," akasema mama. "Alikuwa hivyo tangu ujana?"

Swali hilo nililiombea lisije. Mwaka 1821 Stevens alimtetea mwenye watumwa dhidi ya mama mmoja, Charity Butler, aliyedai uhuru wake na wa watoto wake. Sheria ya Pennsylvania ilimpa uhuru mtumwa aliyewekwa humo na bwana wake kwa miezi sita. Charity alikuwa akija na kurudi. Stevens akajenga hoja kwamba siku hizo hazijumlishwi, lazima zifuatane. Akashinda kesi. Charity akarudishwa utumwani.

Mama akakung'uta maji kwenye majani, polepole.

"Basi ndiyo maana akaandika maneno mengi hivyo."