Ninavyomtambua chungu moto: hesabu pingili za papasi, usifuate rangi

Mtu akileta chungu wekundu wanaouma, swali huwa moja: ndio wale chungu moto waliovamia Marekani, Solenopsis invicta? Rangi haijibu. Hapa Nairobi chungu wa hudhurungi ni tele, na maumivu hayataji jina la mdudu.

Kwenye vitalu vya miche vya kando ya barabara naweka kipande cha soseji, ukubwa wa ukucha, juu ya kadi nyeupe, asubuhi kabla udongo haujapata joto. Baada ya dakika 30 naikung'utia kadi ndani ya kopo, kisha kopo linalala kwenye friza. Nataka chungu 20 au zaidi, wakubwa kwa wadogo. Ukiokota wadogo peke yao, nusu ya ushahidi umeiacha shambani.

Siafu namtoa haraka: kiuno chake kina kifundo kimoja, na hana macho. Solenopsis, jenasi ya invicta, ana vifundo viwili.

Kazi kubwa ni papasi, zile nyuzi mbili za kichwani anazopapasia. Chungu aliyelowa ethanoli, spiriti ya kuhifadhia, hung'aa, maungio yakajificha, kwa hiyo namwanika dakika mbili juu ya tishu, kisha namtazama kwa lenzi ya mara 20, mwanga ukitoka ubavuni. Solenopsis ana pingili 10, ile ndefu ya kwanza ikihesabiwa, na mbili za mwisho zimevimba kama rungu. Pingili za katikati ni fupi mno na ndipo hesabu hupotea. Rungu naliamini kuliko jumla. Pheidole megacephala, chungu mvamizi mwingine, ana pingili 12, rungu la pingili tatu, na vijimwiba viwili nyuma ya kifua. Huyo tusimdharau: Laikipia amewamaliza chungu wanaoilinda migunga, na tembo wanaivunja.

Lakini pingili 10 na rungu la pingili mbili si hukumu. Wapo Solenopsis wadogo wa manjano, chini ya milimita 2, wote kimo kimoja, wanaoiba kwenye viota vya wengine. Invicta huchanganya kimo, kama milimita 2 hadi 6, na ana kijino katikati ya ukingo ulio juu ya taya. Solenopsis geminata, chungu moto mwingine, kwa kawaida hana kijino hicho, na wafanyakazi wake wakubwa wana kichwa kipana kupita mwili. Tofauti hizi ni ndogo kweli: mtaalamu wa chungu Buren alimtenganisha invicta na ndugu yake Solenopsis richteri mwaka 1972 tu.

Sampuli yenye shaka naipeleka kwa wataalamu wa wadudu, ndani ya ethanoli. Lebo ya mahali na tarehe naiandika kwa penseli na kuitia ndani ya chupa. Wino wa kalamu huyeyuka.