Nilivyoifukuzia "lima" hadi sokoni Toamasina

Mnapovuta kamba nzito ya kufungia meli na watu ambao hamsikilizani lugha, kinachowaokoa ni kuhesabu. Mmoja anatoa hesabu, wote mnavuta pale anapokomea. Serahangi wetu, yaani msimamizi wa mabaharia wa sitaha, alikuwa mtu wa Bali na alihesabu Kiindonesia: satu, dua, tiga, empat, lima. Zamu ya Wafilipino ikifika unasikia kingine: isa, dalawa, tatlo, apat, lima. Njia nzima kila mmoja na lake, wakifika kwenye tano wanakutana. "Lima!" Kamba inakuja.

Mimi ni mtoto wa Tanga, Mswahili peke yangu kwenye meli ile. Sikio langu likisikia "lima" linaona jembe. Wiki ya kwanza nilikuwa nacheka kimoyomoyo kila tukifunga gati, maana ni kama mtu anakuamrisha ukalime katikati ya bahari. Baadaye nikaacha kucheka, nikaanza kujitungia elimu: mkono una vidole vitano, mkono ndio unaoshika jembe, kwa hiyo lima yao na lima yetu ni neno moja lililosafiri na vyombo vya kale. Nilivyoipenda nadharia hiyo! Tulipopata mtandao bandarini nikampigia mjomba simu nimweleze. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mjomba wee, umekwenda baharini kutafuta jembe?"

Sikukata tamaa. Safari iliyofuata tulipakua mizigo Toamasina, mashariki mwa Madagaska, nikapata siku moja ya kushuka. Nilishaambiwa melini kwamba Kimalagasi ni ndugu wa Kiindonesia na Kitagalogi cha Wafilipino, ingawa kisiwa chenyewe kipo upande wetu wa bahari. Basi nikaingia sokoni nikijua huku nina lima yangu mfukoni.

Mwanzo kulikuwa kutamu. Kuku wanamwita akoho. Ng'ombe ni omby, kondoo ondry, mbwa amboa, punda ampondra, na kanga wanamwita akanga. Majina hayo waliyachukua kutoka lugha za Kibantu za pwani ya huku kwetu, na Mswahili akiyasikia anajiona yuko kwa shangazi yake. Nikaenda kwa mama muuza ndizi, nikasema kwa kujiamini, "Lima."

Akanitazama tu. Nikanyoosha vidole vyote vya mkono mmoja.

"Dimy," akasema, akanihesabia ndizi tano.

Bei akaniandikia kwenye karatasi: 5,000. Nikampa ariari 5,000, akaishika noti akacheka, akanirudishia 4,000. Kijana wa kibanda cha pili ndiye aliyenifafanulia kwa Kiingereza cha kuungaunga. Ariari ndiyo pesa rasmi tangu mwaka 2005, lakini moja ilichukua nafasi ya faranga tano za zamani, na watu wengi sokoni waliendelea kutaja bei kwa faranga. Kila unachoambiwa unagawa kwa tano. Yaani nimekwenda kutafuta neno la tano nikaikuta tano yenyewe imekaa ndani ya pesa. Yule mama angeweza kuzitia zile noti kwenye kanga yake, nisingejua hadi leo.

Niliporudi melini nilichukua daftari nikachora safu tatu: Kitagalogi, Kiindonesia, Kimalagasi. Hesabu zikajipanga vizuri kuliko nilivyotarajia. Tatlo kwa telo. Apat, empat, efatra. Anim, enam, enina. Pito kwa fito, walo kwa valo. Waindonesia wana maneno mengine kwenye saba na nane, tujuh na delapan, nikawasamehe; na sisi si tuna sita, saba na tisa za Kiarabu? Kilichonikera ni kile kimoja tu. Hata lugha zinazobadilisha saba na nane zimeiacha lima ilivyo, halafu Mmalagasi, ambaye kwenye mengine yote anafuata vizuri, hapa anasema dimy. Hii d imetoka wapi?

Jibu lilikuja siku ya kuondoka, na lilikuja kwa kamba. Serahangi kutwa nzima anadai "tali", ndiyo kamba kwa Kiindonesia. Chini gatini wafanyakazi wa bandari waliokuwa wakitufungulia wakawa wanaambiana "tady". Tali, tady. Lima, dimy. (Ile y ya mwisho ni namna yao ya kuandika i.) Nikakaa kitako palipale juu ya gogo la kufungia kamba mpaka nikapigiwa kelele.

Usiku nikamsumbua serahangi anipe maneno yenye "li", na mengine nikayatafuta kwenye kamusi ya simu. Beli, kununua: Kimalagasi ni vidy. Kulit, ngozi: hoditra. Kila penye l iliyofuatwa na i, Mmalagasi ana d. Penye l na irabu nyingine, l imebaki salama: telo, valo, na folo ambayo ni kumi. Basi dimy haikuwa neno geni hata kidogo. Ni lima ileile, ila imepita kwenye mlango ambao kila "li" ililazimika kupita. Mswahili hapaswi kushangaa sana, maana sisi tunasema ulimi mmoja, lakini zikiwa nyingi ni ndimi, na hakuna anayedhani ni viungo viwili tofauti. Kwetu ni n inayoigeuza l, kwao ni i.

Likabaki swali la maana. Kwa nini lima? Hapo mpishi ndiye aliyenifungua macho. Yeye ni Mwilokano, mtu wa kaskazini mwa kisiwa cha Luzon, na nyumbani kwao hawasemi Kitagalogi. Kwa Kitagalogi mkono ni kamay. Nilipomuuliza kwao wanasemaje, akainua kiganja chenye unga: "Ima." Na tano? "Lima." Serahangi alikuwa anasubiri chai, akaingilia: kwa Kibali, lugha ya kwao Bali, mkono wenyewe ndio lima. Miaka yote miwili amekuwa akituhesabia kwa mkono, na hakuwahi kuona kama ni jambo la kusemwa.

Kuanzia hapo ilikuwa kazi ya kusoma tu. Samoa na Hawaii, lima ni mkono na ni tano. Tonga wanasema nima, kwa maana zote mbili. Kwa Wamaori wa New Zealand tano ni rima. Wanaisimu wanalirudisha neno hili hadi Taiwani, ambako lugha hizi zilianza kutawanyika zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, mpaka zikafika kisiwa cha Rapa Nui, mbali huko Pasifiki, upande mmoja na Madagaska upande mwingine. Leo ni zaidi ya lugha 1,000. Niliyempenda zaidi ni Mtahiti. Kwake mkono umebaki rima, lakini tano ikawa pae, kwa sababu walikuwa na mwiko wa kuepuka maneno yanayofanana na jina la mtawala. Bibi yangu angewaelewa vizuri sana. Kwake chumvi usiku ilikuwa "dawa ya mboga".

Kimalagasi chenyewe kimeiachia dimy hesabu peke yake. Mkono kwao ni tanana, na ndugu yake wa Kiindonesia ni tangan. Ukikaza silabi ya kwanza ni mkono, ukikaza ya pili ni mji, ndiyo hiyo iliyomo ndani ya Antananarivo. Safari nyingine niliungua na mvuke nikamwambia muuza dawa kwamba mji unaniuma.

Na jembe langu? Nililipima kwa mizani ileile. Mkikuyu anasema kurima, Mshona kurima, Mganda okulima, Mzulu ukulima, na wote wanamaanisha kulima shamba. Tano kwao ni ithano, shanu, taano, hlanu, ndugu wa tano yetu. Hakuna hata mmoja anayeuita mkono lima. Kila neno lina ukoo wake, na hizi mbili zimefanana sura tu kama abiria wawili wa basi moja. Nilimpigia mjomba nikakiri. Alikuwa ameshasahau.

Nilifarijika kujua kwamba kazi hii aliianza baharia. Mdachi Frederick de Houtman alifungwa Aceh, kisiwani Sumatra, kwa miaka kama miwili, akajifunza Kimalei, mzazi wa Kiindonesia, na mwaka 1603 akachapisha maneno ya Kimalei na ya Kimalagasi katika kitabu kimoja. Lakini aliyenimalizia swali langu ni Mnorwe Otto Christian Dahl. Mwaka 1951 alionyesha kwamba ndugu wa karibu kabisa wa Kimalagasi ni Kimaanyan, lugha ya watu wa bara, kusini mwa Borneo. Nilikuwa nimeamini kwamba ile d ilizaliwa Madagaska, labda hata kwa kuchanganyika na watu wa kwetu. Nikatafuta hesabu za Kimaanyan. Isa, rueh, telo, epat, dime. Ngozi je? Kudit.

Kumbe walipanda chombo nayo.

Mwaka uliofuata tulirudi Toamasina. Yule mama sikumwona, nikanunua kwa mwingine. Nikasema dimy vizuri, akanihesabia bila kunitazama, akataja bei, nami nikauliza kabla ya kutoa pochi: ariari au faranga?